Jangwa Halijazwi Chupani



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tulikusudia kuandika juu ya maandalizi ya watoto wetu wa kipaimara. Tunaomba radhi, jambo hilo tutalirudia. Kuna jambo jingine limetukaa kooni, nasi hatuwezi kulimeza.

Baadhi ya waumini wetu, watu wema na wachapakazi, wametuletea pendekezo la hija ya Nchi Takatifu: kwenda kwanza Misri, kuvuka jangwa la Sinai kwa basi, kisha kupanda hadi Yerusalemu, pindi hali ya usalama itakaporuhusu. Pendekezo limeandikwa kwa mpangilio mzuri. Lakini katika ukurasa wa tatu, chini ya kichwa cha mapato, kimo kipengele kisemacho kwamba zinunuliwe chupa ndogo 300, zijazwe maji ya mto Yordani, ziuzwe kwa waumini, na faida yake iezeke kanisa la kigango. Tumekisoma kipengele hicho mara tatu. Jibu letu ni hapana, nasi tunalitoa hapa hadharani ili jambo hili lisije likaingilia uani.

Mtatuuliza: Je, ni ukali wa bure? Paa linavuja, na maji ya Yordani yana ubaya gani? Tuvumilieni, tuwasimulie.

Mwezi Juni mwaka 2025, mpunga ukiwa bado unapigwa mashambani, tuliitwa usiku katika kigango kimojawapo kumwombea mtoto wa miaka minne. Tulimkuta amelazwa mkekani, macho yamegeuka juu, mwili unakakamaa na kutetemeka. Ilikuwa siku ya tatu ya homa. Kando ya mkeka palikuwa na chupa ndogo ya plastiki iliyobandikwa karatasi yenye picha ya msalaba na maneno “Maji ya Yordani”. Mama wa mtoto alikuwa akimpaka maji hayo kwenye paji la uso na kumnywesha kifuniko kimoja asubuhi na kimoja jioni, kama alivyoelekezwa na aliyemuuzia gulioni. Alilipa sh. 15,000, fedha aliyoipata kwa kuuza mpunga wa chakula cha nyumbani. Zahanati hakwenda. Kwa nini aende, naye ameambiwa kwamba haya ni maji aliyobatizwa nayo Bwana?

Tulimpakia mtoto garini tukaianza barabara ya Ifakara. Mnaijua barabara hiyo. Hatuna haja ya kuieleza. Alfajiri tulikuwa katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na waganga wakasema ni malaria iliyopanda kichwani. Mungu ashukuriwe, mtoto hakufa. Lakini miezi imepita, na maneno aliyokuwa akiyasema kabla ya ugonjwa bado hayajamrudia yote.

Tulipomrudisha mama nyumbani, tulimuuliza, kwa sauti ambayo leo tunaijutia, ni nani aliyemdanganya kiasi hicho. Akatutazama kwa upole akasema: “Padre, si ninyi wenyewe mlitugawia maji haya kanisani mlipotoka hija?”

Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna.

Ni kweli. Mwaka 2019 tulisafiri na kundi la mahujaji, tukarudi na chupa, tukazigawa baada ya Misa ya Jumapili kwa furaha kubwa, bila kuuza hata moja. Tulidhani tunatoa kumbukumbu. Hatukufundisha lolote. Tulisema tu, “Haya ni maji ya Yordani,” watu wakapiga vigelegele, nasi tukafurahi kupigiwa vigelegele. Miaka ikapita. Mtu fulani, ambaye hatumjui na wala hatumtafuti, akagundua kwamba chupa moja ikichanganywa na maji ya kisima huzaa chupa arobaini, na kwamba jina la parokia ni biashara nzuri. Kwa hiyo tunapoandika kwa ukali leo, mfahamu kwamba fimbo hii inaanzia mgongoni mwetu.

Sasa tuzungumze juu ya safari yenyewe, maana hatusemi kwamba hija ni kitu kibaya. La hasha! Tulikwenda, na kama Mungu akitujalia tutakwenda tena.

Basi letu liliondoka Kairo kabla ya jua kuchomoza, likaingia katika handaki lililochimbwa chini ya Mfereji wa Suez, likaibukia upande wa Asia. Kuanzia hapo, wapendwa, hakuna kitu. Tunasema hakuna kitu, na mtu wa Mngeta hawezi kulielewa neno hilo mpaka alione kwa macho. Sisi ni watu wa matope. Tumekulia kati ya majaruba na mito ishukayo kutoka milima ya Udzungwa. Tunajua kulaumu mvua kwa kuzidi kuliko kwa kukosekana. Kule mlima ni jiwe tupu na bonde ni mchanga mtupu, na unaweza kwenda saa nzima usione jani. Tulisimama Ayun Musa, yaani Chemchemi za Musa, ambazo mapokeo huziunganisha na Mara, mahali pa maji machungu. Vingi vya visima vyake vimejaa mchanga. Tulipita bonde la Feirani lenye mitende, ambalo tangu kale husemwa ndilo Refidimu, pale watu walipomgombeza Musa kwa kiu na mwamba ukatoa maji. Katika vizuizi vya polisi tulisubiri muda mrefu, hati zetu zikikaguliwa na kukaguliwa tena.

Na je, mahujaji wetu walifanya nini katika jangwa hilo takatifu? Walinung'unika. Siku ya kwanza kwa sauti ya chini, siku ya pili kwa sauti ya juu. Mkate mkavu umetuchosha! Wali uko wapi? Mzee mmoja alianza kuhesabu kwa majina samaki wa mto wetu, kitoga, perege, kambale, hadi basi zima likacheka. Tukafungua Kitabu cha Hesabu, sura ya kumi na moja, tukawasomea jinsi Waisraeli walivyolia wakikumbuka samaki wa Misri waliowala bure, na matango, na vitunguu. Kicheko kikaisha. Hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo saa pekee ya hija yote ambayo Maandiko yalisomwa yakatuchoma. Hapakuwa na kanisa wala sanamu, na hapakuwa na cha kununua.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura yake ya kwanza, kinasema kwamba kutoka Horebu hadi Kadesh-barnea ni mwendo wa siku kumi na moja. Siku kumi na moja! Nao walikaa jangwani miaka arobaini. Basi letu liliivuka Sinai kwa siku mbili na kulala humo. Ndiyo maana tunasema kwamba anayepita jangwani kwa basi hajapita jangwa, ameliona dirishani. Jangwa la Biblia ni shule ya kunyang'anywa. Watu wanaingia na dhahabu za Wamisri, mikufu na pete, na dhahabu hiyo ndiyo inayogeuka kuwa ndama. Kisha kidogo kidogo wanafundishwa kuishi bila ghala.

Wapendwa, ikumbukeni mana. Katika sura ya kumi na sita ya Kitabu cha Kutoka, kila mtu aliokota kadiri ya mahitaji ya siku ile; aliyeokota nyingi hakuzidiwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Na wale waliojifanya werevu wakaiweka mpaka asubuhi, ilitoa mabuu ikanuka. Ni chakula kitakatifu kilichotoka mbinguni, lakini kilipowekwa akiba bila agizo, kilioza. Hapo msomaji hodari wa Biblia atatuinulia mkono: “Padre, mbona Mungu aliagiza kopo moja la mana litunzwe?” Swali zuri. Liliwekwa mbele za Bwana, kwa vizazi, kama ushuhuda. Hakuna aliyelionja wala aliyelipangia bei.

Tena kulikuwa na kitu kingine kilichotoka jangwani kikafika Yerusalemu: nyoka wa shaba. Aliyemfanya ni Musa, na aliyeamuru ni Mungu, na watu walioumwa walipomtazama waliishi. Je, kuna kumbukumbu ya hija iliyo halali kuliko hiyo? Lakini baada ya karne nyingi watu walikuwa wakimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia, ambaye Maandiko yanamsifu, akamvunja vipande vipande. Soma Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya kumi na nane. Hakumhifadhi kwa heshima ya Musa. Alimvunja. Basi ikiwa kitu kilichofanywa na Musa kwa amri ya Mungu kilistahili kuvunjwa kilipopotosha watu, chupa yetu ya plastiki ni nani hata isimwagwe?

Usiku wa manane tuliamshwa kupanda Mlima Musa, mita 2,285 juu ya bahari, kwa tochi na vumbi na baridi ambayo hatukuitegemea. Chini ya mlima iko monasteri ya Mtakatifu Katarina, iliyojengwa na Kaisari Yustiniani katika karne ya 6, ambayo Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliitembelea tarehe 26 Februari 2000. Jua lilipochomoza juu ya kilele, milima yote ikawaka rangi ya kaa la moto, nasi tukanyamaza. Ukimya ule tunaukumbuka hadi leo. Ulidumu labda dakika tano. Kisha mahujaji wakaanza kuokota mawe na kuyatia mifukoni, na njiani kushuka wenyeji wakatuuzia mawe yenye michoro ya asili kama matawi, eti ni alama za kichaka kilichowaka moto. Wenyeji wale hatuwalaumu. Wanaishi katika nchi isiyo na jani, na wamegundua kwamba Wakristo hupenda mawe. Tunajilaumu sisi tuliopanda mlima wa Amri Kumi tukashuka tukipatana bei.

Kabla ya sisi, mwishoni mwa karne ya 4, mwanamke mmoja aitwaye Egeria alipanda mlima huohuo kutoka mbali sana, upande wa magharibi. Kila alipofika mahali, alitaka pasomwe sehemu ya Maandiko inayopahusu, pafanyike sala, ndipo aendelee. Wamonaki walimpa matunda yaliyoota palepale mlimani, kama baraka na ukarimu. Hawakumuuzia. Naye alichowapelekea dada zake wa nyumbani ni barua, iliyoeleza alichokiona na jinsi watu walivyosali. Sehemu ya barua hiyo iligunduliwa mwaka 1884 katika mji wa Arezzo, Italia, na wanazuoni wa liturujia wanaisoma mpaka leo.

Kutoka Sinai tulivuka mpaka huko Taba, tukapanda bonde la Araba hadi Bahari ya Chumvi, ambayo uso wake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari na unazidi kushuka mwaka hadi mwaka. Kisha Yeriko. Kisha Yordani.

Kuhusu Yordani tuseme ukweli, maana ukweli hauwezi kulidhuru Kanisa. Pale Qasr al-Yahud, mahali ambapo mapokeo ya kale huonyesha kuwa Bwana alibatizwa, mto ni mwembamba hata mtoto anaweza kurusha jiwe likavuka. Askari wako ng'ambo zote mbili. Viwanja vya kando vilitegwa mabomu ya ardhini wakati wa vita, ndiyo maana mahujaji wa kawaida walianza kufika kwa uhuru mwaka 2011 tu. Maji ni ya udongo, rangi yake kama ya mto wetu mwezi Aprili. Yule mzee wa samaki alisimama ukingoni, akavua kofia, akatuuliza polepole: “Padre, ndio huu? Mbona ni kama mtaro wetu wa mpunga?”

Ndio huu. Sehemu kubwa mno ya maji yake huchotwa juu, kwa mabwawa, mabomba na mifereji ya nchi zinazopakana nao. Israeli ilianza kuyasafirisha maji ya Ziwa la Galilaya hadi kusini kwa mradi wake mkubwa uliokamilika mwaka 1964, na Syria na Yordani nazo zinachota upande wa mto Yarmuki. Kinachofika chini kimechanganyika na chemchemi za chumvi na maji machafu. Wapendwa akina mama, maji hayo si ya kumnywesha mtoto. Hata yangekuwa halisi hayafai kunywewa, sembuse hayo ya gulioni ambayo hatujui yamechotwa wapi. Mto Kilombero, unaoipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, ni mto mkubwa kuliko Yordani kwa mbali. Bwana Yesu hakuchagua Yordani kwa ukubwa wake wala kwa usafi wake. Aliingia humo kwa sababu wakosefu walikuwa humo.

Wanaouza chupa wanayo hoja yao, nasi hatutaki kuikwepa. Wanasema: “Naamani je?” Kweli, Naamani Mshami alioga Yordani mara saba akatakasika ukoma, tena aliomba udongo wa nchi ile, mzigo wa nyumbu wawili, akaupeleka kwao. Wanaonukuu hapo huishia hapo. Wasomeni hadi mwisho wa sura hiyo hiyo, ya tano, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Nabii Elisha alipoletewa zawadi aliapa kwamba hatapokea kitu. Gehazi mtumishi wake akaona hasara, akamkimbilia Naamani nyuma, akaomba talanta moja ya fedha, akapewa mbili, na mavazi juu yake. Akarudi akaficha. Na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Aliyeponywa hakulipa, na aliyelipwa akaugua! Tena Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya nne, anakumbusha kwamba wenye ukoma walikuwa wengi katika Israeli siku za Elisha, wala hakutakaswa hata mmoja ila Naamani. Watu hao waliishi kando ya Yordani! Waliyanywa maji yake, walifua humo, wakabaki na ukoma wao. Basi kilichoponya ni nini, kama si neno la Mungu na utii wa yule mgeni?

Wengine watasema kwamba tunadharau visakramenti. Sivyo. Kanisa linabariki maji, nasi tunawanyunyizia kila mara. Lakini Katekisimu inatufundisha kwamba visakramenti hutuandaa kupokea neema kwa sala ya Kanisa, na kwamba kuipa alama ya nje nguvu peke yake, bila moyo na imani, ni kuangukia ushirikina. Maji tunayoyabariki katika Mkesha wa Pasaka hutoka kwenye bomba la hapahapa Mngeta, na mtoto anayebatizwa kwayo hapungukiwi chochote kuliko aliyebatizwa Yordani. Atakayewaambia vinginevyo, hata akivaa kanzu, msimsadiki.

Zaidi ya hayo, ni watu gani duniani wanaopaswa kuogopa maji ya kinga kuliko sisi wa bonde hili? Mwaka 1905 babu zetu waliletewa dawa ya maji kutoka upande wa Rufiji, kwa Kinjikitile wa Ngarambe, wakaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Wapogoro na Wambunga waliipokea, na tarehe 30 Agosti 1905 waliliendea boma la Mahenge kwa maelfu, wakakutana na bunduki za rashasha. Hatuwacheki, Mungu atuepushe. Walikuwa watu walioonewa kwa kodi na kazi za shuruti, na kudai utu wao haikuwa dhambi. Lakini waliopona walirudi nyumbani bila ndugu zao, na njaa iliyofuata ikamaliza vijiji. Wazee wetu wengine wamekua wakisimuliwa habari hizo na bibi zao. Sasa, zaidi ya karne moja baadaye, katika bonde ambako wataalamu wa Ifakara wamekuwa wakichunguza mbu na malaria tangu miaka ya 1950, mama Mkristo anauziwa maji ya kugeuza homa! Na jina lililobandikwa juu ya chupa ni la Yesu Kristo.

Kila tunapofungua Matendo ya Mitume, sura ya nane, tunaona kama imeandikwa kwa ajili ya kamati yetu ya hija. Ndani ya sura hiyo moja mna watu wawili. Wa kwanza ni Simoni mchawi wa Samaria, aliyeona mitume wakiweka mikono na Roho akishuka, akatoa fedha ili naye auziwe uwezo huo. Kwa jina lake Kanisa limeuita uovu wa kuuza na kununua vitu vya kiroho, yaani usimoni. Wa pili ni Mwafrika. Towashi wa Kandake, malkia wa Wakushi, kutoka nchi iliyo Sudani ya leo, ambako mto unaopita hubeba sehemu ya maji ya ziwa letu la Victoria. Alikuwa ametoka hija Yerusalemu, anarudi kwao kwa barabara ishukayo hadi Gaza, ambayo Luka anasema ni ya jangwa.

Ni mwekahazina wa malkia, angeweza kununua chochote. Yumo garini mwake, na alicho nacho mkononi ni kitabu cha nabii Isaya. Anasoma, haelewi, na haoni haya kumwambia mtembea kwa miguu kwamba haelewi. Filipo anapanda, wanasoma pamoja. Wakafika penye maji. Maji gani? Luka hayataji jina. Ni maji tu ya kando ya barabara, katika nchi kavu. Huyu hasemi turudi Yordani, ingawa Yordani iko nyuma yao. Anauliza kinachomzuia asibatizwe, gari linasimama, wanashuka wote wawili majini. Kisha akaenda zake akifurahi. Mwafrika huyo tunayesomewa habari zake katika Biblia hakubeba chupa.

Barabara ile ya Gaza leo haipitiki kwa mahujaji, nanyi mnajua sababu. Katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo katika mashamba ya jirani na Gaza walipoteza maisha. Walikuwa watoto wa wakulima kama nyinyi. Katika vita iliyofuata, makumi ya maelfu ya watu wa Gaza wameuawa. Ndani ya mji wa Gaza ipo parokia moja ya Kikatoliki, ya Familia Takatifu, ambayo marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliipigia simu karibu kila jioni hadi siku zake za mwisho. Tarehe 17 Julai 2025 kanisa lao lilipigwa na watu watatu wakafa. Katika hija yetu ya mwaka 2019 hatukusali hata mara moja na Wakristo wenyeji wa nchi ile. Tulisali kwenye mawe, tukala hotelini, tukaondoka. Ni aibu tunayoikiri.

Basi, kwa kamati yetu, tunawaomba mlichukue pendekezo lenu mlirekebishe. Hija tunaikubali. Kipengele cha chupa kifutwe. Kila atakayejiandikisha asome kwanza Kitabu cha Kutoka na Hesabu pamoja na jumuiya yake, tangu sasa hadi siku ya safari, na mtu yeyote asiuze shamba wala kukopa ili aende. Anayelima jaruba lake kwa uaminifu na kumpeleka mtoto wake zahanati hakosi kitu mbele ya Mungu. Mtakatifu Gregori wa Nisa, aliyefika Yerusalemu mwenyewe, aliwaandikia wenzake kwamba kubadili mahali hakumsogezi Mungu karibu, na kwamba mtu mwenye mawazo maovu, hata akisimama Golgotha, yuko mbali na Kristo. Katika ratiba iwekwe Misa moja angalau na parokia ya wenyeji. Na sadaka ya Ijumaa Kuu, ambayo Kanisa lote huikusanya kwa ajili ya Nchi Takatifu, safari hii tuitoe kwa moyo, si kwa sarafu zilizobaki mfukoni.

Paa la kigango tutaliezeka kwa mpunga. Kila jumuiya itoe gunia inaloliweza baada ya mavuno. Tumezungumza na WAWATA, nao wamekwisha kupanga zamu za kukusanya.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya kwanza, kila mwenye chupa ya maji ya Yordani nyumbani, iwe aliipokea kwetu au aliinunua gulioni, tunamwomba aje nayo. Hatutamuuliza mtu aliipata wapi wala kwa bei gani. Tutakwenda pamoja hadi kwenye mwembe ulio nyuma ya sakristia tuyamwage udongoni. Mama wa yule mtoto ametuambia atakuja naye. Sisi pia tunayo chupa moja, imo kabatini mwa sakristia tangu mwaka 2019, nyuma ya uvumba. Tutaanza na hiyo.